Mashua inapopakwa rangi uani: jinsi ya kumlinda mtoto

Bomang'ombe na mashua, wapi na wapi? Bahari iko Tanga huko, na hapa Boma tunachokijua ni upepo na vumbi. Lakini kusini mwa Moshi kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua perege, na chombo chochote cha mbao kinachoingia majini kinahitaji fundi, msasa na rangi. Fundi seremala anayetengeneza vitanda na milango leo anaweza kuletewa kazi ya mashua ya tanga kesho. Mara nyingi hana karakana ya pekee. Ana uani, na uani huo ndio watoto wanaochezea, ndio unaoanikia nguo, ndio kuku wanaoparua.

Kama baba watoto, kaka au jirani yako ana kazi ya namna hiyo, makala hii ni yako. Ni yako pia kama ni kitanda cha mtoto kinachopakwa rangi, geti la chuma, au mlango wa zamani unaokwanguliwa ili upakwe upya. Mashua ni kubwa tu na kazi yake huchukua siku nyingi, kwa hiyo hatari zake huonekana vizuri zaidi.

Kwanza fahamu kazi yenyewe inavyokwenda, maana kila hatua ina jambo lake. Fundi akimaliza kupigilia mbao, huziba nyufa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kati ya ubao na ubao. Kisha huweka puti kwenye mashimo ya misumari, hupiga msasa, hupaka praima, hupiga msasa tena, hupaka rangi mara mbili au tatu, na mwisho hupaka vanishi sehemu anazotaka mbao zionekane. Mafundi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Bagamoyo na Unguja, kwa karne nyingi walimalizia majahazi yao bila kopo la dukani: sehemu ya chini walipaka shahamu, ambayo ni mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya maini ya papa. Harufu yake ni ya kukimbiza watu, lakini mtoto akigusa sifa kinachoharibika ni nguo. Shahamu ina chokaa, na chokaa huunguza macho, kwa hiyo hata ya asili si ya kuchezea.

Rangi za makopo ni habari nyingine.

Vumbi la msasa ndilo la kuogopa zaidi

Watu wengi huogopa harufu ya rangi mbichi. Ni kweli harufu hiyo si nzuri kwa mtoto, na tutaizungumzia. Lakini kama ungeniuliza niogope kitu kimoja tu katika kazi nzima, ningekuambia uogope vumbi, hasa vumbi la rangi ya zamani.

Rangi nyingi za mafuta, hasa zile zinazong'aa za njano, nyekundu na kijani, zimekuwa zikitiwa madini ya risasi ili rangi iwe kali, ikauke haraka na isipauke kwa jua. Praima nyekundu ya kuzuia kutu, iliyopendwa sana na watengenezaji wa meli na mashua duniani kote, ilikuwa yenyewe ni risasi kwa sehemu kubwa. Risasi haiozi na haiishi nguvu. Ubao uliopakwa miaka 30 iliyopita bado unayo. Rangi ikiwa nzima ukutani au kwenye mashua haina shida kubwa. Shida inaanza inapobanduka, inapokwanguliwa au inapopigwa msasa: inageuka unga laini usioonekana vizuri, unaotua kwenye udongo, kwenye kamba ya nguo, kwenye ndoo ya maji iliyo wazi, na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Ubongo wake bado unajengwa, na risasi huingilia ujenzi huo. Tatizo kubwa ni kwamba mara nyingi huoni dalili yoyote. Mtoto anacheza, anakula, anakua, lakini baadaye shuleni anachelewa kusoma, hatulii, anasahau. Mwalimu atasema ni mtundu au mvivu. Risasi ikizidi ndipo unaona tumbo linamsokota, choo kigumu, hamu ya kula inapotea, amepauka kwa upungufu wa damu, hana raha. Ikizidi sana huleta degedege na kupoteza fahamu. Madhara ya ubongo yakishatokea, dawa haiyarudishi nyuma. Ndiyo maana maneno mengi katika makala hii ni ya kuzuia.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1904 daktari mmoja wa macho huko Brisbane, Australia, aitwaye Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliokuwa akiwatibu kwa sumu ya risasi waliipata kwenye rangi iliyokuwa ikibanduka kwenye kuta na kingo za vibaraza vya nyumba zao. Walishika ubao, rangi ya unga ikabaki mkononi, mkono ukaenda mdomoni. Tazama mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu kwa dakika 10 tu, uhesabu ni mara ngapi mkono unakwenda mdomoni.

Karibu na kwetu, huko Owino Uhuru, Mombasa, risasi haikutoka kwenye rangi bali kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa hili na lile bila nafuu, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo alianza kudai kiwanda kifungwe, na mwaka 2014 kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Nakutajia habari zake kwa sababu moja: madaktari walifikiria risasi baada ya magonjwa mengine yote. Wewe unayejua kilichofanyika uani kwako unaweza kumsaidia daktari kufika huko mapema.

Basi vumbi lidhibitiwe vipi? Mwambie fundi atumie msasa wa maji, ule unaolowekwa, na ubao wenyewe ulowe. Vumbi lililolowa halipeperuki. Rangi ya zamani isichomwe kwa moto ili ibanduke, maana moshi wake hubeba risasi moja kwa moja hadi mapafuni. Chini ya mashua litandikwe turubai au nailoni pana, na jioni likunjwe kwa ndani pamoja na vumbi lake. Upepo wa Boma unajulikana, hasa mchana. Kazi ya msasa ifanyike asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia, upande ambao upepo hauelekei mlangoni kwako. Fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa cha kufunga puani.

Halafu kuna kufagia. Hapa nazungumza na wewe mwenyewe, kwa sababu fagio kwa kawaida tunalishika sisi. Usifagie vumbi la msasa likiwa kavu, na usifagie ukiwa na mtoto mgongoni. Nyunyiza maji kwanza, kisha kusanya taratibu. Ndani ya nyumba tumia kitambaa kilicholowa. Maji machafu ya kupigia deki au kuoshea brashi yasimwagwe kwenye mfereji wala kwenye mfongo, kwa maana kuna mwenzako huko chini anachota.

Nguo za kazi za fundi azivulie nje, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala nguo za mtoto. Na baba akitoka kazini anawe mikono na uso kwanza, ndipo ambebe mtoto. Najua mtoto hukimbilia mlangoni akimwona baba. Mzuie dakika 5 tu.

Tina kwenye chupa ya soda

Hili ndilo linalopeleka watoto hospitali siku hiyo hiyo. Fundi ananunua tina, tapentaini au mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Anamiminiwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, anaiweka chini ya mashua kivulini. Mtoto amecheza juani, ana kiu, anaona chupa anayoijua. Anapiga funda moja.

Kinachoumiza zaidi si tumbo. Vimiminika hivi ni vyepesi mno. Mtoto anapokabwa au kutapika, tone dogo linaingia kwenye njia ya hewa na kusambaa mapafuni. Mapafu yanavimba, na mtoto anapata nimonia isiyotokana na vijidudu.

Kwa hiyo mtoto akinywa tina, tapentaini au mafuta ya taa, USIMTAPISHE. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, hata kama bibi anasisitiza kwamba maziwa yanakata sumu. Bibi anasema kwa upendo, na kwa jambo hili mjibu kwa adabu kwamba daktari amekataza, kisha uendelee. Kupewa maziwa kunaongeza uwezekano wa kutapika, na kutapika ndiko kunakopeleka sumu mapafuni. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya mara moja ukiwa umebeba ile chupa ili wahudumu waione. Akiwa amelegea au anataka kutapika, mlaze kwa ubavu. Hata kama anaonekana mzima, apelekwe; mara nyingi wahudumu watataka kumwangalia kwa saa 6 au zaidi, kwa sababu shida ya kupumua huweza kuja baadaye. Akianza kukohoa mfululizo, kupumua haraka, mbavu zikibonyea, akisinzia isivyo kawaida au midomo ikigeuka bluu, hiyo ni dharura, na usisubiri usafiri wa bei rahisi.

Kuzuia ni rahisi kuliko yote hayo. Tina ikae kwenye kopo lake la dukani lenye lebo, ifungwe, iwekwe juu mahali pa kufuli. Kama duka linapima kwa chupa, nenda na kopo la chuma lenye mfuniko, liandikwe SUMU kwa herufi kubwa. Mtoto hajui kusoma, kweli, lakini dada wa kazi na wageni wanajua. Na brashi zisiachwe zikiloweka kwenye kikombe. Kikombe kikishatumika kwa tina kimekwisha, hakirudi jikoni.

Harufu, moto na macho

Mvuke wa rangi ya mafuta, tina na vanishi huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa mtoto mwenye pumu unaweza kuamsha shambulio. Nje penye hewa mvuke hupeperuka. Mashua ikipakwa ndani ya banda lililofungwa, unajaa. Zipo rangi za kuchanganya makopo mawili, kama zile wanazopulizia magari. Hizo zina kemikali kali zinazoweza kumsababishia mtu pumu ambayo hakuwa nayo, na hazifai kabisa kupulizwa uani penye watoto. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke. Mjamzito asipake, asipige msasa, na asikae karibu kazi inapoendelea. Kama chumba au kitanda kimepakwa rangi ya mafuta, msilale humo mpaka harufu iishe, hata kama ni siku kadhaa, madirisha yakiwa wazi.

Mvuke huo unawaka. Jiko la mkaa, mafiga ya kuni na sigara vikae mbali kabisa na mahali pa kazi. Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulidharau: vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja huweza kupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja vikauke, au vilowekwe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko.

Mashua nyingine siku hizi huvikwa faiba. Faiba hugandishwa kwa kimiminika kidogo cha kuchanganya, na tone lake moja jichoni linaweza kumpofusha mtu. Kikiingia hicho, au chokaa, au rangi yoyote, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuacha, ukifungua kope kwa vidole, kisha nenda hospitali. Usisubiri kufika hospitali ndipo jicho lioshwe.

Mabaki yanayorudi jikoni

Kazi imekwisha, mashua imepakiwa kwenye lori kwenda bwawani, watu wamepiga picha. Uani kumebaki vipande vya mbao, makopo na ndoo. Hapa sisi akina mama tuna tabia nzuri ya kutotupa kitu, na tabia hiyo leo inatuponza.

Mbao zenye rangi usizitie jikoni. Nakuomba sana. Moshi wake utauvuta wewe na mtoto aliye karibu na mafiga, na majivu yake mara nyingi huishia kwenye migomba au kwenye mchicha. Makopo na ndoo za rangi zisiwekwe maji ya kunywa, unga, wala maji ya kuku, hata zikisuguliwa vipi. Tena kuku wenyewe: kuku wa kienyeji wakiparua udongo wenye vumbi la rangi, risasi inaweza kuingia kwenye mayai, na mayai hayo ndiyo tunayompa mtoto tukitaka apate nguvu. Wafungie bandani siku za kazi. Mahali ulipopigwa msasa wa rangi ya zamani, chota udongo wa juu uufunge kwenye mfuko pamoja na mabaki ya msasa, kisha funika eneo kwa udongo mpya au kokoto, na usipande mboga hapo. Uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri wapi pa kupeleka mabaki ya aina hiyo.

Wajawazito wanaokula udongo, ninyi pia niwaambie bila kuwacheka, maana hamu hiyo inawashika wengi. Udongo huweza kubeba risasi, na risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hata risasi uliyoipata zamani hukaa kwenye mifupa, na wakati wa ujauzito hutoka kuingia kwenye damu. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie mhudumu wa kliniki.

Chakula hakiondoi risasi mwilini, ila mtoto mwenye njaa au mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi huifyonza zaidi. Mnafu, mchicha, maharage, dagaa, maziwa, na chungwa au papai baada ya chakula vinamsaidia. Asile akiwa uani kazi ikiendelea, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala.

Kuhusu kununua rangi: Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Mataifa wanapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, yaani miligramu 90 katika kilo nzima. Kwa macho huwezi kujua. Tafuta alama ya TBS na maneno kwenye lebo yanayosema rangi haina risasi, hata yakiwa kwa Kiingereza, na umwulize muuzaji waziwazi. Rangi ya kupimiwa kwenye kopo lisilo na lebo usiinunue kwa kitanda cha mtoto, hata ikiwa nusu bei. Kwa fanicha za ndani, rangi ya maji kwa kawaida ni salama zaidi kuliko ya mafuta.

Je, kama msasa ulikwishapigwa mwezi uliopita na mtoto alikuwa hapo hapo akichezea unga? Usijilaumu, hukujua. Mpeleke kituo cha afya, na useme kwa maneno haya haya: "Mtoto wangu amekaa penye vumbi la rangi ya zamani, naomba ushauri kuhusu kupima risasi kwenye damu." Kipimo ni cha damu, na zahanati ndogo huenda ikakupa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Mawenzi au KCMC, Moshi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kiwango kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kutoa risasi mwilini hutolewa kwa viwango vya juu zaidi, hospitalini, chini ya daktari. Dawa za kusafisha damu zinazouzwa stendi hazifanyi kazi hiyo.

Kama unanyonyesha, usiache kunyonyesha kwa hofu. Kwa akina mama walio wengi faida ya maziwa yako ni kubwa kuliko risasi kidogo inayoweza kupita. Mweleze mhudumu, upimwe na wewe, na yeye atakuambia.